Kanisa Lililonunuliwa kwa Chumvi

Tukizungumza habari za makanisa yenye sifa duniani, mara nyingi twataja yale ya mawe na marumaru, kama lile la Mtakatifu Petro kule Roma, au makanisa makuu ya Ufaransa. Leo nataka tutazame kanisa la miti. Jina lake ni kanisa la Mtakatifu Georgi, nalo liko katika mji wa Drohobych, magharibi ya nchi ya Ukraini. Kuta zake ni magogo, paa zake ni vibao vyembamba vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 15 au mwanzoni mwa karne ya 16, yaani karibu na wakati ule Wareno walipofika mara ya kwanza Mombasa, mwaka 1498. Hata leo linasimama.

Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandika kanisa hilo katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na makanisa mengine 15 ya miti ya nchi za milima ya Karpati. Manane yako Poland, manane yako Ukraini. Tangu hapo picha zake zimeenea, na watu wengi wanalisifu. Lakini kusifu ni kazi rahisi. Yatupasa tuulize pia: Ni kitu gani hasa kinachostahili sifa hapo? Na sisi watu wa Kasongo na Kabambare, ambao vigango vyetu vingi ni vya miti na udongo, twaweza kujifunza nini? Maana gogo limedumu miaka 500 kule, na kwetu kuna vigango visivyomaliza miaka kumi. Wengi hujibu upesi: “Wale wana pesa, sisi ni maskini.” Jibu hilo nalipinga, na sababu zangu nitazieleza.

Tuanze na chumvi. Mji wa Drohobych uliishi kwa chumvi. Chini ya ardhi yake mna maji ya chumvi, nayo yalivutwa visimani na kuchemshwa juu ya moto wa kuni mpaka chumvi ikabaki. Kazi hiyo ilifanyika karne kwa karne, hata nembo ya mji ikachorwa alama za chumvi. Wazee wa huko husimulia kwamba kanisa la Mtakatifu Georgi halikujengwa mjini. Lilikuwa kanisa la kijiji kiitwacho Nadiiv. Mwaka 1656 watu wa mji, ambao walikuwa wamepoteza kanisa lao, walilinunua kwa chumvi. Wakalifumua gogo kwa gogo, wakalisafirisha, wakalisimamisha tena mahali lilipo sasa.

Msomaji wa Maniema hatacheka akisikia habari hiyo. Wazee wetu walijua thamani ya chumvi. Walichoma majani ya majini na kuchuja majivu yake ili wapate chumvi kidogo ya kutia mbogani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chumvi ya Uvinza ilibebwa na wachukuzi ikavukishwa ziwa, na mtu aliyekuwa nayo aliweza kununua karibu kila kitu. Kutoa chumvi nyingi kwa ajili ya nyumba ya Mungu haikuwa kutoa kilichobaki. Ilikuwa kutoa chakula na mali kwa pamoja. Tena angalieni: watu hao hawakumngoja bwana mkubwa awajengee. Walikuwa wachemsha chumvi, wakalipa kwa kile mikono yao ilichotengeneza.

Sasa tutazame jengo lenyewe, kama linavyoonekana katika picha na michoro. Magogo yamelazwa moja juu ya jingine, na vichwa vyake vimechongwa ili viumane penye pembe. Ndiyo sababu liliweza kufumuliwa na kuungwa tena. Ndani mna sehemu tatu zilizofuatana. Kwanza ukumbi wa kuingilia, ambao zamani ulikuwa mahali pa wanawake; kisha sehemu kubwa ya katikati, mahali pa waumini wengine; na mwisho patakatifu penye altare. Juu ya sehemu hizo zimesimama kuba tatu. Mnara wa kengele unasimama peke yake, kando ya kanisa.

Kwa nje kanisa hilo ni jeusi kwa jua, mvua na theluji. Mtu asiyejua angeweza kulidhania ghala. Bali kwa ndani limejaa rangi. Katika karne ya 17 mafundi walichora kuta zake toka chini hata juu: manabii, mitume, mateso ya Bwana, maisha ya watakatifu. Mbele ya altare upo ukuta wa picha takatifu, kama ilivyo desturi ya Wakristo wa Mashariki. Sisi tuliozoea ibada ya Kilatini huenda tukaona ajabu kwamba altare imefichwa hivyo. Kumbe kwao ukuta huo haukuwekwa ili kumzuia mtu. Umewekwa ili watakatifu wasimame mbele ya macho yake, ajue kwamba hasali peke yake.

Uzuri wa kanisa hilo, naona mimi, uko katika mpango huo. Wajenzi hawakutumia mali yao kwa kuwapendeza wapita njia. Walimpendeza yule aliyeingia kusali. Linganisheni na desturi inayoanza kutuingia: uso wa kanisa unapakwa rangi tatu, milango inanakshiwa, na ndani kuta ziko wazi, msalaba umetundikwa kwa kamba, sanduku la Ekaristi limewekwa juu ya meza inayotetereka. Hilo silo kosa la umaskini. Ni kosa la kusahau nyumba imejengwa kwa ajili ya nani.

Lakini yatupasa kusema kweli kwa pande zote. Yuko mtu atakayesoma habari hizi na kusema: “Basi, nasi tujenge makanisa ya magogo kama yale!” La, ndugu. Magogo ya Karpati yanakaa katika nchi ya baridi. Miezi mingi ardhi imeganda, wala hawana mchwa wetu. Kwetu mti uliochimbiwa ardhini huliwa toka chini kabla haujaonekana kuharibika juu. Mvua na upepo navyo si vya kudharauliwa. Kule Namirembe, Uganda, Waanglikana walikuwa na kanisa kubwa la miti, na mwaka 1894 dhoruba ililiangusha. Kanisa jingine lililosimama baadaye pale pale, la tofali na paa la nyasi, liliungua kwa radi mwaka 1910. Kuiga umbo la jengo la nchi nyingine pasipo kutazama ardhi yako na mvua yako ni upumbavu, hata kama umbo hilo ni zuri.

Tena si kweli kwamba mti wa kule haufi. Unaoza. Vibao vya paa huoza, gogo la chini huoza, navyo hubadilishwa. Paa linapovuja, watu hupasua vibao vipya na kuvipigilia. Gogo likioza, hutolewa na jingine huingizwa mahali pake. Kwa hiyo mtu akisema kanisa hilo lina miaka 500, asidhani kila ubao una miaka 500. Kilichodumu miaka yote hiyo ni uangalizi. Baba alipanda juu ya paa, mwanawe akapanda baada yake, na mjukuu akafuata. Hiyo ndiyo siri yake, wala haitoki katika aina ya mti.

Hapo ndipo jibu la umaskini linapoanguka. Najua kigango kimoja cha upande wetu, ambacho sitakitaja jina. Kilijengwa kwa nguvu za waumini wenyewe: miti ya msituni, udongo wa mtoni, nyasi za kuezekea. Mwaka wa kwanza kilikuwa kizuri. Kisha likatoka neno kwamba wafadhili wataleta mabati na saruji. Tangu siku hiyo hakuna aliyekata hata fungu moja la nyasi. Paa likavuja, ukuta wa upande wa mvua ukalowa, mchwa wakapanda. Mabati hayakufika. Kanisa likaanguka, na watu wakasali chini ya mwembe. Wale waliojenga kwa mikono yao walikuwa na mikono ile ile. Upungufu wao ulikuwa wapi? Walianza kukiona kigango chao kuwa kitu cha aibu na cha muda, na kitu cha muda hakuna anayekitunza.

Habari ya Drohobych ina upande mwingine, nao ni mchungu. Wakristo wengi wa nchi ile ni Wakatoliki wenzetu, wenye ibada ya Mashariki. Muungano wao na Roma ulifanywa Brest mwaka 1596, na jimbo la Przemyśl likaingia mwaka 1691, la Lviv mwaka 1700. Drohobych yenyewe ilikuwa chini ya Poland mpaka mwaka 1939, Wasovieti walipoitwaa. Mwezi wa Juni mwaka 1941 mapadri wawili wa utawa wa Mtakatifu Basili, Severian Baranyk na Yakym Senkivsky, waliuawa katika gereza la mji huo. Mwezi wa Machi mwaka 1946, katika mkutano uliofanyika Lviv chini ya nguvu za serikali, muungano na Roma ulitangazwa kuwa umekwisha. Mwaka huo huo Padri Vitaliy Bayrak, mkuu wa watawa wa Drohobych, akafa gerezani. Askofu Mkuu Josyf Slipyj wa Lviv alikuwa ameshatiwa kifungoni mwaka 1945, akakaa huko miaka 18. Wakatoliki hao walisali kwa siri mpaka mwaka 1989, walipopata ruhusa tena. Tarehe 27 Juni mwaka 2001 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, akiwa Lviv, aliwatangaza mapadri hao watatu kuwa Wenye Heri, pamoja na mashahidi wengine.

Wakati wa utawala huo kanisa la Mtakatifu Georgi lilifanywa jumba la makumbusho, na hata leo ni sehemu ya makumbusho ya mji. Mtu aseme nini juu ya jambo hilo? Kwa haki twapaswa kukiri kwamba makumbusho yaliokoa magogo na picha. Makanisa mengine ya wakati ule yalifanywa maghala, mengine yaliachwa yakaanguka. Watunzaji walifanya kazi yao vizuri. Hata hivyo, mgeni huingia leo, hutazama kuta, husifu rangi, hutoka. Mtakatifu aliyechorwa ukutani alichorwa ili aombwe, naye sasa anatazamwa. Jengo limepona, lakini kazi yake imekatwa nusu. Nadhani msifu yeyote anayeandika juu ya uzuri wa kanisa hilo pasipo kusema neno hili amelitazama kwa jicho moja.

Jirani ya Drohobych uko mji uitwao Truskavets. Zamani ulikuwa kijiji. Mwaka 1827 nyumba za kwanza za kuogea zilijengwa pale, kwa kuwa chemchemi zake zilisifiwa kwa tiba. Maji yake maarufu huitwa Naftusia, nayo yana harufu kidogo ya mafuta ya taa. Watu wenye maradhi ya figo huenda kuyanywa. Yasemekana maji hayo hayatunziki. Yakiwekwa chupani hupoteza nguvu upesi, basi sharti mgonjwa aende mwenyewe chemchemini. Wakati wa Wasovieti majumba makubwa ya mapumziko yalijengwa pale, na wafanyakazi wa nchi nzima wakaletwa kutibiwa. Wageni hao wa maji, wakipata nafasi mchana, hupanda gari wakaenda Drohobych kutazama kanisa la miti.

Sioni ubaya wowote mtu kutafuta afya ya mwili. Bwana wetu mwenyewe aliwaponya wagonjwa, na penye birika la Bethzatha hakumkemea yule mtu kwa kuyangojea maji. Ninachokipima ni kipimo cha mgeni. Kwa maji husafiri siku mbili, akanywa kwa saa zilizowekwa na daktari, wala hakosi hata kikombe kimoja. Kwa kanisa hutoa nusu saa, na picha ya ukumbusho. Je, sisi ni tofauti? Mtu wa kwetu hutembea kilomita 40 kwa mganga, na kigango kilicho mita 200 toka mlangoni kwake hukiona mbali.

Lakini habari za Truskavets hazikwishia hapo. Vita vilipoingia kwa nguvu mwezi wa Februari mwaka 2022, watu wengi wa mashariki ya Ukraini walikimbilia magharibi, na majumba ya mapumziko ya Truskavets yakawapokea wakimbizi. Nyumba za wageni wenye fedha zikawa nyumba za mama na watoto wasio na kitu. Watu wa Kasongo na Kabambare hawahitaji kuelezwa mambo hayo. Tumeona maasi ya mwaka 1964, tumeona vita vilivyofuata, na vikundi vyenye silaha msituni. Twajua maana ya kupokea ndugu usiku, wenye godoro moja na kuku mmoja. Mara nyingi mahali pa kwanza palipofunguliwa kwa ajili yao palikuwa kanisa la kigango, hilo hilo la miti na udongo tunaloliona la aibu.

Wala nchi ile haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Miaka ya 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha maelfu ya raia wa Poland kutoka nchi hizo za mpakani, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Baadhi yao walipoachiliwa walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wakafika Afrika ya Mashariki: Tengeru karibu na Arusha, Koja na Nyabyeya kule Uganda. Hapo Nyabyeya, karibu na Masindi, ukingoni mwa msitu wa Budongo, walijenga kanisa la Bikira Maria Malkia wa Poland. Walikaa miaka michache tu, kisha wakaondoka. Kanisa limebaki, na Wakatoliki wa Uganda wanasali humo. Watu hao walikuwa wakimbizi, walijua hawatakaa, na bado hawakujenga kitu cha kubahatisha. Kanisa lao halikuwa makumbusho, kwa sababu palikuwa na watu wa kulirithi kwa magoti yao.

Basi, kanisa la Drohobych linatufundisha nini? Nitataja mambo matatu.

Kwanza, tusiuonee haya mti na udongo. Kanisa la miti si kanisa la nusu. Lakini tulijenge kwa akili ya nchi yetu: msingi wa mawe ulioinuliwa ili mchwa waonekane wakipanda, miti migumu kama mvule penye nguzo, paa lililoshuka chini kufunika kuta, mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Mambo hayo hayahitaji fedha za ng'ambo. Mafundi wetu wanayajua, nao huyafanya katika nyumba zao wenyewe.

Pili, kila kigango kiwe na zamu ya utunzaji. Jumuiya moja itazame paa kabla ya mvua, jumuiya nyingine itazame kuta baada ya mvua, nyingine itazame vyombo na nguo za altare. Na hata mabati yakiletwa kesho, zamu isikome. Bati nalo hushika kutu, na msumari hulegea. Mtu asiyeweza kutunza nyasi hataweza kutunza bati.

Tatu, tukumbuke damu. Drohobych ina mashahidi wake, nasi tunao wetu karibu kabisa. Tarehe 28 Novemba mwaka 1964, kule Baraka na Fizi, mpakani mwa Kabambare, waliuawa Wamisionari Waxaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo. Tarehe 18 Agosti mwaka 2024 walitangazwa Wenye Heri huko Uvira. Jengo linaweza kufumuliwa na kuuzwa kwa chumvi. Likachomwa, likafungwa, likageuzwa ghala. Wakatoliki wa Ukraini walinyang'anywa makanisa yao miaka 43, nao wakasali vyumbani na misituni, mpaka siku walipotoka wakiwa bado ni Kanisa. Bila watu wa namna hiyo, kanisa la Mtakatifu Georgi lingekuwa mbao nzuri tu.

Msomaji mpenzi, huenda hutafika Drohobych kamwe, wala mimi. Lakini Jumapili ijayo utafika kigangoni kwako. Ukiisha kusali, usiondoke upesi. Zunguka nje, tazama chini ya kuta, angalia kama mchwa wamepanda. Inua macho, tazama kama paa linaonyesha mbingu. Kisha mwambie mwenyekiti wa jumuiya yako ulichokiona, na Jumatatu mwende na jembe na kamba. Wachemsha chumvi wa Drohobych walianza hivyo.